Vifaa vya kulala porini natengeneza mwenyewe, na kila kimoja lazima kiwe na kazi zaidi ya moja

Kubeba mizigo Kilimanjaro ndo kulinifundisha kuangalia begi kwa jicho lingine. Sisi wagumu, ndo tunavyojiita wapagazi wa kule, mzigo wako unapimwa getini, kikomo ni kilo 20, na ndani ya hizo kilo kuna vitu vya mgeni unavipandisha mpaka kambi ya mwisho na kuvishusha havijatolewa kwenye mfuko hata mara moja, viatu vya kubadilisha, kiti cha kukunja, taulo zito, chupa za losheni. Ukishabeba sana vitu ambavyo hata mwenyewe havitumii unaanza kuuliza kila kitu unachokiona, hiki kinafanya kazi gani, na hiyo kazi hamna kingine humu ndani kinachoweza kuifanya? Sa hivi natembea kwa raha zangu, mara nyingi milima ya Upare kule Shengena, na Usambara ile njia ya Lushoto mpaka Mtae, nabeba mwenyewe, na karibu kila kilichomo nimekitengeneza kwa mkono au nimekaa pembeni ya fundi cherehani mpaka kimeisha.

Kuna watu wanaona kujishonea vifaa ni mambo ya mtu aliyekosa hela ya dukani. Mi siafiki kabisa. Emma Gatewood, bibi wa Kimarekani wa miaka 67, mwaka 1955 alitembea njia yote ya Appalachian, ile njia ndefu ya miguu ya milimani kule Marekani, peke yake, zaidi ya kilomita 3,000, begani ana mfuko wa kitambaa aliojishonea mwenyewe, miguuni raba, blanketi moja, na cha kuzuia mvua kilikuwa pazia la bafuni. Na mgeni mmoja wa Australia niliyempandisha mlimani alinihadithia habari za Paddy Pallin, aliyepoteza kazi Sydney mwaka 1930 uchumi ulipoanguka, akaanza kushona vifaa vyepesi nyumbani kwake kwa ajili ya watu waliokuwa wanapenda kutembea porini. Yaani haya mambo yote mepesi tunayoyaona leo kwenye maduka ya bei mbaya yameanzia kwa watu waliokaa na sindano wakafikiria safari yao wenyewe. Kwahiyo hii kazi ni ya heshima, na sisi huku tuna mafundi na tuna mitumba, sioni kinachotuzuia.

Nianze na turubai maana ndo kitu kikubwa. Hema la bei ya kawaida la watu wawili linafika kilo mbili na zaidi, nguzo zake, mfuko wake, zipu zake, na ukija kuangalia kinachozuia mvua pale ni kitambaa cha juu tu. Mi nina turubai moja ya nailoni, haina sakafu haina mlango, mita 3 kwa mita 2 na nusu, na ikiwa na kamba zake zote haifiki nusu kilo. Usiku ni paa, mchana jua likiwa kali ni kivuli, mvua ikinikuta njiani naifungua najifunika mimi na begi langu bila kufunga kamba hata moja, na siku nikipata chumba cha kulala kijijini naitandika chini.

Kitambaa chake ni ile nailoni ya ripstopi, ukiishika kwenye mwanga unaona viboksi vidogo vidogo, zile ni nyuzi nene kidogo zinazozuia tobo lisiendelee kuchanika. Iliyopakwa silikoni inakuwa na gramu 45 hadi 50 kwa mita ya mraba. Kwenye maduka ya vitambaa ya kawaida huikuti, ila mitumba ipo, pale soko la Memorial Moshi ukiwahi asubuhi mabalo yanapofunguliwa unakuta hema bovu la Ulaya, zipu imekufa, nguzo hamna, lakini kitambaa cha juu kizima kabisa, na muuzaji anakuachia kwa hela ndogo kwa sababu hamna anayemuuliza. Ipime hapohapo. Weka mdomo kwenye kitambaa puliza, hewa ikipita kirahisi jua na maji yatapita. Af kishike upande wa ndani, kikiwa kinanata na kinatoa harufu ya uvundo kiache hata kama ni bure, ule utando wa kuzuia maji uliopakwa umeshaanza kuoza na hauna dawa.

Nilipompelekea fundi wangu, mama mmoja wa pale Majengo, nikaanza kumweleza kwa mikono, mama hapa kitambaa kinakunjwa hivi, kinaingia ndani ya mwenzake, af kinapigwa cherehani mara mbili ili maji yasipate njia, akaniangalia akasema, "Mwanangu, si useme tu mshono wa jinsi." Na kweli ndo huohuo, ule wa ndani ya miguu ya suruali ya jinsi. Kuanzia siku hiyo huwa namwambia tu shida yangu ni nini, namna ya kushona namuachia yeye. Yeye ndo aliyeniambia tusitumie pini za kushikizia maana kila pini ni tundu la kudumu, tukatumia vibanio vya kuanikia nguo. Uzi ni wa polista, sio wa pamba, pamba inaoza ikikaa na unyevu. Na mshono wenyewe uwe na hatua ndefu kidogo, ukiubana sana sindano inatoboa mstari mzima na kitambaa kinakuja kuchanika pale kama stempu.

Ukimaliza ziba ile mishono. Mi nachukua silikoni ya bomba, ile wanayozibia vioo na masinki, isiyo na rangi, nachanganya na tapentaini mpaka inakuwa nyepesi ya kupaka kwa brashi, napitisha juu ya mshono wa katikati naiacha mpaka kesho yake. Hii inashika kwenye nailoni iliyopakwa silikoni. Kama kitambaa chako kina utando mwingine jaribu kwanza kwenye kona, ikibanduka kwa kucha ujue hamjapatana.

Kwenye kona usiweke zile ringi za chuma. Watu wengi wanazipenda kwa sababu turubai za dukani zinakuja nazo, lakini ringi imeshikwa na tundu tu, upepo ukivuta usiku kucha inang'oka na inaondoka na kitambaa. Weka kiraka cha nguvu pembeni, mara mbili, halafu shonea kitanzi cha mkanda. Na kama uko porini unataka sehemu ya kufungia ambayo hukuishonea kitanzi, tafuta kijiwe cha mviringo ukubwa wa karanga kubwa, kiweke ndani ya kitambaa, kizungushie kamba shingoni, vuta. Haitoboki na haitoki. Hiki kitu kimenisaidia Mtae, pale kijiji kipo ukingoni kabisa mwa mlima na upepo unapanda kutoka tambarare za Mkomazi, ukigeuka usiku unakuta upande mzima wa turubai unapiga makofi, unaongeza kijiwe kimoja kati na unaendelea kulala.

Kamba zenyewe natumia ule uzi wa nailoni wa mafundi ujenzi, wa kunyooshea ukuta, mwepesi na una rangi kali unauona hata na tochi ndogo kwahiyo hujikwai. Katani nimeiacha, ikilowa inakuwa nzito. Ila nailoni nayo ina tabia yake, ikilowa inarefuka, turubai ulioikaza jioni saa nne usiku imelegea, kwahiyo kabla hujalala toka ukaze tena. Na fimbo mbili za mwanzi ninazotembelea ndo nguzo. Silazimiki kukata mti wowote, nikifika nazisimamisha, kichwani juu kidogo, miguuni chini karibu na ardhi, miguu naielekeza upepo unakotoka.

Vigingi ni spoku za baiskeli. Nenda kwa fundi baiskeli yeyote, zile alizozitoa kwenye tairi iliyopinda atakupa tu, unakata, unapinda kichwa kwa koleo, unachonga ncha. Kimoja ni kama gramu 6 au 7, vinane vyote havifiki uzito wa yai moja kubwa, na kwenye udongo mgumu wa Upare vinashika vizuri kuliko vile vya plastiki vinene. Kwenye mchanga havifai, pale unafunga kamba kwenye jiwe na kulifukia.

Na hivyo vigingi ndo mafiga yangu. Vitatu nimevipinda kichwa kiwe kipana kidogo, wakati wa kupika navichomeka ardhini kuzunguka jiko, naweka sufuria juu, nikimaliza vikipoa vinarudi kwenye turubai.

Jiko ni makopo mawili ya soda ya aluminiamu. Hapa naomba nieleze taratibu maana watu wakiliona wanadhani ni mchezo wa watoto. Kata vitako vya makopo yote mawili, kila kimoja kama sentimita 3 na nusu kwenda juu. Kimoja ndo cha juu, katikati yake toa tundu la kumwagia spiriti, na kwenye ukingo wa pembeni toboa vitundu vidogo kwa sindano, ishirini hivi, vikiwa na nafasi sawa. Kata utepe wa bati kutoka kwenye mwili wa kopo hilohilo, ukunje uwe duara linalokaa katikati ya lile jiko, na chini yake ukate vijipembe vitatu vidogo, hivyo ndo mlango wa spiriti kupita. Kisha sukuma kitako cha juu ndani ya cha chini, polepole, ukipinda kidogo tu bati linachanika, kuna wanaoingiza vipande vyembamba vya bati pembeni vya kutelezeshea. Ukiwasha, moto unaanza katikati, baada ya muda kidogo spiriti iliyoko kati ya kuta mbili inachemka, mvuke wake unatafuta pa kutokea, unatokea kwenye vile vitundu na unashika moto, hapo sasa una jiko kamili lenye ndimi kuzunguka, lina uzito usiofika gramu 20 na halina kitu cha kuharibika.

Nusu lita ya maji inachemka kwa kama mililita 25 za spiriti ukiwa umekinga upepo vizuri, na hiyo kinga usiidharau, bila kinga unaweza kumaliza spiriti yote maji yakabaki ya uvuguvugu. Mi nimekunja utepe mpana wa aluminiamu, unazunguka sufuria na kuacha nafasi ya kidole, na ukifungwa unaingia ndani ya sufuria. Sasa ya usalama, na haya nayasema kwa msisitizo kabisa. Mwali wa spiriti mchana hauonekani, kwahiyo usiongeze spiriti ukidhani jiko limezimika, subiri lipoe ulishike kwa mkono. Usilitumie ndani ya hema lililofungwa, kuna moto na kuna hewa ya sumu. Na spiriti ya dukani inaweza kuwa na methanoli, ni sumu, iweke kwenye chupa ambayo umbo lake haifanani na chupa yako ya maji hata gizani ukipapasa.

Faida yake kubwa kwangu ni kuni. Misitu ya hifadhi ya asili kama Chome, ndo ulipo Shengena, na Magamba kule Lushoto, iko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, huendi kuokota na kukata unavyotaka, na hata nje ya hifadhi wale akina mama unaopishana nao na mizigo ya kuni kichwani wameitoa mbali. Siwezi kupita mimi mtembea kwa starehe nikachoma kuni za mtu.

Sufuria ni ile ya kwetu ya aluminiamu, ndogo, haina mikono wala kifuniko kizito, mfuniko wangu ni sahani ya bati. Mchele siupiki mpaka mwisho. Nachemsha dakika chache, nazima, naifunga sufuria kwenye sponji na shuka, natulia nusu saa, ukifungua wali umeiva na spiriti umetumia kidogo sana.

Hiyo sponji ndo godoro lenyewe. Ni ile nyeupe nyembamba wanayofungia friji na TV, maduka ya vifaa vya umeme wanaitupa, waombe. Usichukue sponji ya godoro la kawaida, ile inakunywa maji. Hii nyeupe vinyweleo vyake vimefungwa, hailowi, na hewa iliyonaswa mle ndo inakutenga na ardhi. Watu wanaongeza mablanketi juu wakati baridi inatoka chini. Shengena ni mita 2,462, na kwa kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka kama nyuzi 6, kwahiyo unaweza kutoka Same unatokwa jasho na usiku ukalala na soksi mbili. Natandika tabaka mbili mgongoni, miguuni moja inatosha kwa sababu nawekea begi tupu. Mchana ile sponji inakunjwa inaingia begini upande wa mgongo na ndo inalipa begi umbo, sihitaji chuma, na nikikaa kula inakuwa kiti.

Shuka ya Kimasai siiachi. Ni nzito kidogo, kweli, lakini ni blanketi, ni koti la jioni, ni kifungio cha sufuria. Kwa baridi kali naongeza kifuniko nilichoshonewa kutoka kwenye makoti mawili ya mitumba yale ya kuvimba, mgongoni kiko wazi, kwa sababu ile pamba ya ndani ukiilalia inabanwa na haileti joto, ya nini kuibeba.

Kanga ni taulo, ni kilemba cha jua, ni mto nikiijaza nguo, ni bandeji na tanzi la mkono mtu akiteguka, ni ya kushikia sufuria ya moto. Na ni chujio. Hii ya chujio nilikuwa naiona kwa bibi tangu utotoni, baadae nikaja kusoma kwamba kule Matlab, Bangladesh, mtafiti wa Kimarekani Rita Colwell na wenzake waliwafundisha akina mama kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne au zaidi, na matokeo waliyotoa mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48. Iliyozeeka inachuja vizuri kuliko mpya kwa sababu nyuzi zimefumuka na kujaza matundu. Lakini mi siishii hapo, nikishachuja nachemsha, au kama kuna jua kali nayaweka kwenye chupa safi ya plastiki isiyo na rangi masaa 6 juani, mawingu yakiwa mengi siku mbili.

Chandarua, natumia kile kilichochakaa cha nyumbani, nakata kipande cha kufunika kichwa na mabega tu, kinaning'inia kwenye kamba ya turubai. Mabaki yake ndo mifuko ya nje ya begi, vitu vilivyolowa vinakauka huku natembea. Jambo moja naomba lizingatiwe, vyandarua vina dawa na ile dawa inaua samaki na wadudu wa majini vibaya sana, usikifue kwenye kijito, na maji ya kufulia yamwage mbali na mto.

Viroba ni hazina. Kiroba cha mchele nimekipasua nikaunganisha viwili, ndo sakafu, kinavumilia miiba na mawe ambavyo vingenichania nailoni. Na mifuko ya mbolea ina nailoni nzito ya ndani, nimeisafisha kwa sabuni mara kadhaa, naivalisha ndani ya begi, kila kitu kinaingia mle nasokota mdomo, mvua inyeshe inavyotaka. Hapohapo ikibidi usiku wa baridi kali miguu inaingia mle. Kiroba kikikaa sana juani kinaanza kupukutika, ukiona hivyo kiondoe kabla hakijamwaga vipande porini.

Porini nisisahau, kama unalala karibu na kijiji pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji kwanza, salimia, shikamoo mzee, eleza unatoka wapi na unaenda wapi. Turubai isiyo na mlango inawashangaza watu, wazee watakuja kuiangalia, na mara nyingi wao ndo wanakuambia usilale hapa maji yanapita, sogea pale.

Begi nimeliacha mwisho kwa makusudi, na ukitaka kuanza na wewe liache mwisho. Watu wanashona begi kwanza kwa sababu ndo linaonekana, wanalifanya kubwa ili vitu vienee, na likiwa kubwa litajaa tu. Tengeneza turubai, jiko, sponji, tembea navyo hata kwenye begi la shule, ondoa ambavyo hukuvigusa zaidi ya dawa na bandeji. Kilichobaki, pamoja na chakula cha siku tatu na maji lita mbili, kipange ndani ya kiroba, kifunge kibane vizuri, chukua futi ya fundi pima mzingo na urefu. Ongeza sentimita 10 kwenye mzingo, na 30 kwenye urefu za kukunja mdomo kwa sababu zipu hatuweki, mikanda ya mabegani ikate kwenye begi bovu la mitumba yenye sponji bado ngumu, mpelekee fundi.